Nilinunua Kioo Changu Mwenyewe

Jumamosi moja asubuhi niliegesha gari langu, Toyota IST kama zilizojaa jiji zima, pembezoni mwa Mtaa wa Sikukuu, nikaingia dukani kuchagua vitambaa vya harusi ya mpwa wangu. Sidhani kama nilikaa dakika arobaini. Niliporudi, vioo vyote viwili vya pembeni vilikuwa vimeng'olewa na nyaya zinaning'inia. Kijana niliyemwachia shilingi 1,000 aniangalizie gari alinitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuzoea. "Pole, mzee wangu. Wahi Gerezani kabla havijauzwa."

Hakusema niende polisi, wala mimi sikuona ajabu kwamba hakusema.

Gerezani ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka pale. Dalali aliniuliza aina ya gari, rangi na mwaka, akaniomba niketi. Baada ya nusu saa akarudi na vioo viwili ndani ya mfuko wa rambo. Kama wakazi wengi wa Dar es Salaam, nilikuwa nimechonga namba ya gari kwenye vioo na taa. Tarakimu zilikuwa zimekwanguliwa kwa haraka, lakini herufi za mwisho zilisomeka bila shida. Aliona kwamba nimeziona. Tukaendelea kujadiliana bei. Alianza na 120,000, tukaishia 80,000.

Sipendi kuwaonea wafanyabiashara wa eneo lile. Sehemu kubwa ya vipuri vilivyopangwa katika maduka yao imeletwa kwa halali, vikiwa vimetumika Japani au kupitia Dubai, na bila wao magari ya nchi hii yangesimama. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamtia hatiani anayepokea mali huku akijua imeibwa, nami nilijua vizuri kuliko dalali mwenyewe. Utetezi wangu kwamba mali ni yangu ungenifaa mahakamani, ila hauniondolei ukweli mwingine: nimemlipa mwizi ujira wa asubuhi yake, na bei niliyokubali ndiyo itakayomrudisha Mtaa wa Sikukuu Jumamosi ijayo.

Jumatatu nilipiga simu kwa kampuni yangu ya bima. Binti aliyepokea alikuwa na adabu. "Baba, wewe una bima ndogo." Nilijibu kwamba najua. Kwa kweli sikuwa najua. Nilikuwa najua bei tu. Gari binafsi ni 100,000, ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani inakuwa 118,000, unapata stika, askari wa barabarani akikusimamisha unapita. Hicho ndicho sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inachokudai: umkinge yule utakayemgonga. Gari lako likiondoka usiku na lisirudi, sheria hiyo haina neno nawe. Anayetaka kinga ya wizi anunue bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi huwa kama asilimia 3.5 ya thamani. Kwa gari la milioni 15 hiyo ni 525,000 kabla ya kodi, na hata hapo inafaa usome masharti kwa miwani: makato utakayobeba mwenyewe, muda wa kutoa taarifa, na je, kuibiwa vioo au redio peke yake, gari likiwa limebaki, kunahesabika?

Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka enzi ambapo bima ilikuwa Shirika la Bima la Taifa tu, tangu utaifishaji wa 1967 hadi sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi. Wauzaji waliongezeka, lakini kile ambacho raia analazimishwa kununua kilibaki kilekile. Leo askari anahakiki stika kwa simu katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, jambo jema. Mfumo huo unathibitisha kwamba umelipa. Kama uliambiwa umelipia nini, hilo halina kifaa cha kulihakiki.

Ningeyaacha haya kama kisa cha vioo, kama si mwanafunzi wangu mmoja aliyegonga mlango wa ofisi yangu wiki ileile.

Anasoma jioni na mchana anaendesha bodaboda ya mkataba: analipa 10,000 kila siku kwa tajiri, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Alikuwa amekwisha kuvuka nusu. Usiku mmoja alibeba abiria kutoka Msimbazi kwenda Kigogo, na mwenzake abiria alikuwa akiwasubiri gizani. Anashukuru kwamba yu hai, na ana sababu, kwa maana madereva kadhaa nchini wameuawa kwa namna hiyo. Pikipiki ilikuwa na bima ndogo. Mkataba unasema wizi ni wa dereva. Kituoni aliulizwa kwanza kama si yeye aliyeiuza. Tajiri anataka hesabu iendelee. Alikuja kuomba barua ya kuahirisha masomo.

Gari la kifahari likiibwa, lina walau watu wa kulitafuta. Polisi wa Afrika Mashariki wana shirikisho lao tangu 1998, Interpol ina orodha ya magari yaliyoibwa, na mipakani namba ya chasisi inaweza kukaguliwa. Magari ya Afrika Kusini na Uingereza, yenye usukani kulia kama yetu, yana soko huku. Pikipiki inafunguliwa usiku mmoja na asubuhi imekwisha kuwa tangi, taa na injini katika meza tatu tofauti.

Kwa nini mkataba wa bodaboda uruhusiwe kumtwika wizi mtu asiyemiliki chombo? Kwa nini vyama vya bodaboda visikate bima ya wizi kwa pamoja, tajiri akichangia, kwa kuwa chombo ni chake? Na muuza vipuri vilivyotumika ashindwe nini kuandika daftarini kanunua kwa nani? Nawauliza hasa wale wasomaji wangu walio maofisini na kalamu mkononi.

Barua niliisaini. Nilimsindikiza hadi kwenye maegesho, naye akainama kidogo mbele ya kioo cha kushoto.

"Mwalimu, hiki kimekwanguliwa namba."

Nikamweleza nilikokinunua. Akatikisa kichwa taratibu.

"Hata mimi nimeiona taa ya pikipiki yangu kulekule. Ila sikuwa na hela."