Chombo cha Kukodi Hakiendi kwa Saa ya Ukutani

Mtu aliyekulia Dodoma hujua maji ya namna mbili: ya kisimani, yenye chumvi, na ya korongo, ambayo huja siku moja kwa kishindo na kesho yake hayapo. Mama yangu, ambaye sasa amepita miaka 70, hakupata kuiona bahari. Alichokuwa nacho ni masimulizi ya babu zake, ya misafara iliyopita Ugogo na bidhaa za pwani na kulipa hongo kwa watemi ili ipate njia na maji. (Neno hilo siku hizi lina maana isiyopendeza, lakini wakati ule lilikuwa ushuru halali.) Basi likizo ya Juni 2025 nilikata shauri nimpeleke Kilwa pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, na tukodi mashua ya tanga hadi kwenye magofu ya Songo Mnara. Nayaandika haya kwa ajili ya wafanyakazi wenzangu wa bara wanaofikiria safari kama hiyo, maana mimi niliifanya nikiwa na ujuzi wa abiria wa basi.

Njia yenyewe si ngumu. Treni ya umeme ilitufikisha Dar es Salaam, na kesho yake basi likatuvusha Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, mpaka Nangurukuru na hatimaye Kilwa Masoko. Kilwa Kisiwani ipo mbele ya macho, ng'ambo ya mlango wa bahari. Songo Mnara iko mbali zaidi, upande wa kusini. Magofu ya visiwa vyote viwili yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na kibali cha kuyazuru hapana budi kitafutwe Masoko kabla ya kuondoka.

Pwani nilimwendea nahodha mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe. Baada ya shikamoo, neno langu la kwanza likawa bei. Alinitazama kidogo, akasema, "Bwana mgeni, chombo hujakitazama, watu wangu hujawaona, unauliza bei ya nini?"

Niliona haya, lakini nilijifunza. Kitazame chombo kwanza. Tanga liwe zima, na kamba zisiwe zimechakaa. Inua mbao ujionee maji ya ngamani: chombo cha mbao kuvuja kidogo si ajabu, lakini uliza nani anayekumba na kwa kutumia nini. Hesabu jaketi okozi, kisha uwavike watoto palepale ufukweni, kwa kuwa la mtu mzima humchomoka mtoto. Uliza cheti cha ukaguzi na idadi ya abiria iliyoruhusiwa. Sisi tunaokumbuka Spice Islander, meli iliyozama mwezi Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, hatuna udhuru wa kuona haya kuuliza. Baada ya hayo ndipo mpatane: bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa, nani analisha mabaharia, mafuta ya mashine ya akiba ni ya nani, na itakuwaje mkilazimika kulala njiani. Hilo la mwisho mimi nililiacha.

Nasikia katika visiwa vya Karibi mgeni aliyefuzu huweza kukabidhiwa jahazi la starehe pamoja na ramani akaondoka peke yake. Kwetu unakodi nahodha, na chombo hufuatana naye. Ujuzi wake ndio ramani.

Tuliondoka alfajiri. Juni ni wakati wa kusi, upepo utokao kusini, nasi twaelekea kusini, kwa hiyo tulikwenda kwa bisho, mara huku mara kule. Kila walipogeuza tanga, foromali ilizungushwa mbele ya mlingoti na kamba zikapiga huku na huku. Wakati huo mgeni aketi chini na kuinamisha kichwa. Mke wangu alitapika. Nahodha alimhamishia katikati ya chombo, akamwambia atazame mbali, asitazame miguu yake, naye akapata nafuu. Mashua haina choo. Jambo hili akina mama waambiwe mapema.

Tulifika saa nne, maji yakiwa bado yamejaa mikokoni. Nahodha alituagiza tuwe tumerudi saa saba. Lakini kuta zile za mawe ya matumbawe, milango na mihrabu yake, ziliwateka watoto, nami nikajiambia kwamba chombo nimekilipia. Tulirudi saa tisa. Mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya tope, na maji yako mbali.

Nilikuwa na tiketi za treni za kesho yake jioni. Nikamwambia nahodha kwamba maji yatarudi usiku, basi tuondoke usiku. Akakataa. Hasafiri gizani na watoto, kusi likivuma kutoka nyuma na miamba ikiwa pembeni. Nilipaza sauti. Nilisema nimelipa.

"Umelipia chombo," akajibu bila hasira. "Bahari hujailipia."

Mama, ambaye siku nzima alikuwa kimya, alinishika mkono. "Korongo likishuka," aliniuliza, "wewe humwambia nani kwamba una haraka?" Nilinyamaza. Mimi mwenyewe, nikiwa mvulana, niliwahi kukaa ukingoni mwa korongo hadi asubuhi pamoja na mbuzi, nyumba yetu naiona ng'ambo, na Mama akinipigia kelele kutoka upande wa pili nisithubutu kuvuka.

Tulilala kijijini kwa hisani ya wenyeji, tukala wali na samaki. Usiku upepo ulivuma. Siwezi kusema kwamba tungezama. Huenda tungefika salama, na ningerudi Dodoma nikijisifu. Asubuhi maji yalipojaa tuliondoka, na kusi lilelile lililotutesa jana likatusukuma hadi Masoko kwa muda mfupi tu. Treni tuliikosa, na tiketi nyingine zilinigharimu fedha nilizoweka kwa ajili ya sare za shule. Nahodha hakudai nyongeza isipokuwa chakula cha mabaharia wake wawili. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema watu wa bara wote huwa hivyo mara ya kwanza.

Kabla ya kushuka, Mama alichota maji ya bahari kwa kiganja na kuyaonja. Alisema si kitu kigeni, ni kama ya kisima chetu cha zamani, ila yamezidishwa chumvi. Alijaza chupa moja akawaonyeshe jirani zake.