Chumba cha Opereta

Anayekuja Bagamoyo na kamera huelekea Boma, Caravan Serai na magofu ya Kaole, na nami kwa miaka mingi nimekula kwa picha hizo. Kazi ninayoithamini zaidi ni ya majumba ya sinema yaliyoonyesha filamu za Kihindi, Dar es Salaam, Unguja hadi Tanga. Tunapoyapiga picha, wengi wetu tunaishia barazani, kwenye jina lililofifia juu ya mlango. Kuta zitasimama hata zikigeuzwa maduka. Kinachoondoka mapema, tena kwa kilo, ni mashine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo la kabla ya 1863 na mlango wa kuchongwa wa kabla ya 1940. Mwaka 1863 sinema ilikuwa haijabuniwa, kwa hiyo projekta haina mtetezi mpaka ipite mikononi mwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Chumba cha opereta ndicho kinachoeleza kazi. Mashine ni mbili, kwa sababu riili moja kubwa iliisha kwa takriban dakika 20, na filamu ya saa tatu kama Sholay ilihitaji riili tisa au kumi. Ndani ya taa vijiti viwili vya kaboni viliungua vikielekeana. Opereta alivisogeza kadiri vilivyopungua, akichungulia mwako kupitia kioo cheusi. Alama ndogo ikitokea pembeni mwa skrini, aliwasha mashine ya pili na mtazamaji hakuhisi lolote. Ustadi huo umeacha masizi kwenye bomba la moshi na mng'ao kwenye mpini ulioshikwa kila usiku. Picha ya barazani haina hata kimoja.

Naambiwa filamu zile hazikuwa zetu, na wenye majumba walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Ni kweli, lakini Awara na Mother India zilijaza kumbi za Waswahili, na Unguja nakala moja iliweza kuonyeshwa kumbi mbili usiku mmoja, riili zikikimbizwa kwa baiskeli. Jasho hilo lilikuwa la hapa. Hoja nzito zaidi ni kwamba picha haiokoi kitu. Drive-In ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1966, leo ni ubalozi wa Marekani; video, kisha televisheni za bara kuanzia 1994, zilishamchukua mtazamaji. Sidai kumbi zirudi. Nadai kazi ile isomeke. Ndiyo maana napiga kibati cha mtengenezaji, swichi na vidirisha vya ukutani kwa karibu, rula ikiwa kando, na chini ya kila picha naandika kifaa kinafanya nini. Waliovitumia ni wazee sasa. Wakiwekewa picha mbele yao wanataja kipande kwa kipande, na majina hayo hayajaandikwa.