Kutu Hula Chombo Kilicholala

Nilijifunza kukereza vyuma Kigoma katika miaka ya 1980, chini ya mzee aliyefanya kazi bandarini tangu ujana wake. Kwa miezi mingi hakuniruhusu kugusa mashine. Alinipa kitambaa na kopo la grisi, na kila jioni nilipangusa vyote vilivyoguswa mchana: spana, koleo, patasi, tupa, jiriwa, hadi reli za mashine. Siku nilipomwambia kwamba nimekuja kutafuta ufundi, alinyoosha mkono kuelekea gatini ilikofungwa Liemba. "Mwanangu, ile meli imeokolewa na grisi," akasema.

Kisa hicho ni cha kweli, na watu wa Kigoma wanakijua. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Ziwa Tanganyika. Julai 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipoona wanalazimika kuiacha Kigoma, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg walizipaka injini zake grisi nzito kila mahali. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kufikia 1927 ilikuwa inabeba abiria tena kwa jina la Liemba, ikisukumwa na injini zilezile. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari, jambo lililosaidia, lakini kilichoziokoa zile injini ni utando wa mafuta uliozuia maji na hewa kukifikia chuma. Mafundi wale walikuwa wanashindwa vita, na bado walitenga muda wa kuilaza mashine yao vizuri.

Nilikuja Kigali mwishoni mwa miaka ya 1990, mji ukiwa unajengwa upya na kila karakana ikitafuta mikono. Nilipata kazi Gakinjiro ya zamani, eneo la karakana katikati ya mji. Mafundi wengi pale walikuwa wamerudi kutoka Kongo, Burundi, Uganda na Tanzania, hivyo Kiswahili kilinitosha huku Kinyarwanda kikiniingia polepole. Karakana zilipohamishiwa Gisozi nami nikahamia, na huko nimekereza mpaka leo: ekseli za vinu vya mahindi, bushi za pampu, kalibu za kufyatulia matofali, vipuri vya mashine za kumenya kahawa.

Nilikuja nikiamini kwamba kutu ni ugonjwa wa pwani na wa maziwa makubwa. Kigali iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake inapendeza. Masika ya kwanza yalinifundisha vingine. Kuanzia Machi hadi Mei mvua haichezi, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Chuma kinene, kama kitanda cha mashine ya kukereza, hulala na baridi hiyo na hakiiachi haraka. Saa tatu asubuhi jua linapochomoza kati ya mawingu, hewa hupata joto na kubeba unyevu kutoka ardhini. Inapoingia karakanani na kukigusa chuma baridi, inaangusha maji yake palepale. Unafungua mlango, unakuta mashine imetoka jasho kama glasi ya maji baridi mezani. Hakuna bati linalovuja wala mtu aliyemwaga kitu. Kufika jioni, rangi ya machungwa imeanza kutambaa.

Mafundi wengi hutunza vifaa katika makontena ya meli, kwa sababu mwizi hayawezi. Kontena ni chuma pande zote, kwa hiyo usiku linapoa na mchana linawaka, na kama halina matundu ya hewa kila asubuhi ni umande. Dawa niliyoizoea ni nyepesi. Ninainua kila kitu kutoka sakafuni kwa mbao kavu, na ninatoboa matundu juu na chini ili hewa ipite. Mashine ninaifunika kwa turubai la pamba, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani. Kwenye kabati la vipimo ninawasha balbu ndogo ya zamani, ile inayotoa joto. Chuma kikiwa na joto kidogo kuliko hewa inayokizunguka, umande haukai juu yake. Visanduku vidogo vinavyofunga vizuri ninavitilia vifuko vya silika jeli, na vikishiba maji ninavikausha kwa moto mdogo na kuvirudisha.

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, hewa na maji. Maji hayo si lazima yaonekane. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 60, utando wa maji usioonekana hujikusanya juu ya chuma na kazi inaanza. Panapokuwa na chumvi, inaanza hata kabla ya hapo. Ndiyo maana alama ya kidole kwenye maikromita inaweza kujichora kwa kutu usiku mmoja. Jasho ni chumvi, na wapo watu ambao jasho lao ni kali kuliko la wengine, hata viwanda vikubwa vinalijua hilo. Na kutu ikishazaliwa inajilisha yenyewe. Zinki na alumini zikishikwa na hewa hujitengenezea ngozi inayoshikamana na kuzilinda. Kutu ya chuma huvimba, hupasuka, hunyonya maji na kuyashikilia, na chini yake chuma kinaendelea kuliwa.

Lakini jambo kubwa nililojifunza linahusu muda. Chombo kinachofanya kazi kila siku hakishiki kutu kirahisi, kwa sababu mkono hukisugua, mafuta hukizunguka na joto la kazi hukikausha. Kutu hula chombo kilicholala. Hakuna mahali nilipoliona hilo waziwazi kama kwenye kahawa.

Msimu wa kahawa hapa Rwanda huanza karibu Machi na kuisha karibu Julai. Vituo vya kuoshea vilivyo kwenye milima inayotazama Ziwa Kivu hufanya kazi usiku na mchana, kisha vinanyamaza hadi mwaka unaofuata. Ute wa kahawa una sukari, na sukari ikichacha inageuka asidi. Mashine ya kumenya ikifungwa siku ya mwisho na ute ule ndani yake, asidi itafanya kazi miezi yote ambayo wafanyakazi wako nyumbani. Kwa miaka mingi niliitwa Februari kufungua mashine zilizoshikana, fani zimekufa, ekseli imeliwa hadi haifai hata kukerezwa. Sasa ninawaomba wenye vituo waniite Julai. Tunaosha kwa maji mengi, tunakausha, tunapaka grisi kwenye ekseli na fani, tunalegeza mikanda. Mashine iliyolazwa hivyo Julai inaamka Machi bila kelele.

Nikiulizwa mafuta gani yanafaa, ninajibu kwa kuuliza chombo kitalala muda gani. Kwa usiku mmoja, oili safi ya mashine kwenye kitambaa inatosha. Kwa chombo kilicholoa, dawa nyepesi ya kupuliza ina kazi yake. WD-40 ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na ilitumika kukinga ngozi ya makombora ya Atlas. Ila tabaka lake ni jembamba, usilitegemee msimu mzima. Kwa miezi mingi, paka grisi. Kwa chombo kinachoshikwa mara kwa mara, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kulainishwa kwa tapentaini huacha ngozi kavu isiyochafua mikono. Usipake oili chafu iliyotolewa kwenye injini, kwa sababu imebeba asidi na masizi. Usipake mafuta ya kupikia, maana hugeuka gundi. Na usihifadhi vipimo kwenye sanduku la mbao mbichi, kwa kuwa mbao nyingi hutoa asidi polepole na huitoa palepale chuma kilipolala.

Shaba nayo ina adui wake. Mteja mmoja aliniletea bushi za shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki, zimepasuka nyufa bila kutumika hata siku moja. Zilikuwa zimehifadhiwa stoo iliyopakana na banda la kuku. Habari hiyo ni ya zamani kuliko sisi. Jeshi la Uingereza huko India lilihifadhi risasi kwenye mabanda ya farasi wakati wa mvua, na maganda yake ya shaba yakapasuka yenyewe. Mwaka 1921 wataalamu wakaeleza sababu: amonia ya mkojo wa wanyama pamoja na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu ilipofinyangwa.

Gakinjiro ya Gisozi imeungua zaidi ya mara moja, na moto ulinifundisha somo ambalo mvua haikunifundisha. Asubuhi baada ya moto mmoja nilimkuta jirani yangu amekaa juu ya ndoo, akitazama vifaa ambavyo miali haikuvifikia. Vyote vilikuwa vimegeuka rangi ya machungwa. Stoo ya pembeni ilikuwa na mabomba ya plastiki, na plastiki ya aina ile ikiungua hutoa moshi wa asidi ileile mafundi wa mabati wanayosafishia mahali pa kulehemu. Moshi ulitua juu ya chuma, maji ya kuzimia moto yakaukamilisha. "Mzee, vimeshakufa," aliniambia. Nikamjibu kwamba vimeumwa tu, ila vinatibiwa leo, kesho havitibiki. Tuliviosha kwa maji ya magadi kuiua asidi, tukavisuuza, tukavikausha juani na kuvipaka oili kabla ya jua kuzama. Vingi viko kazini mpaka leo.

Kwa vile vilivyoliwa zaidi, magadi yana kazi ya pili. Tia maji kwenye ndoo ya plastiki, changanya kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita nne hivi, tumbukiza chombo na pembeni yake kipande cha chuma chakavu, visigusane. Waya hasi wa chaja ya betri ushike chombo, chanya ushike chakavu. Kutu inalegea bila chuma kizima kuliwa. Fanya hivyo nje, mbali na moto, maana gesi inayotoka hulipuka. Chakavu kisiwe chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hutoa sumu majini, na chumvi ya mezani usiitie kamwe. Springi na vyuma vilivyotiwa ugumu usivitibu kwa njia hii wala kwa asidi, vinaweza kuwa vyepesi kuvunjika. Hivyo visugue kwa mkono, kwa mafuta na msasa laini.

Hata hivyo, tiba haiwi sawa na kinga. Kishimo kilichochimbwa na kutu kwenye ukuta wa kalibu hushika udongo, na kila tofali linatoka na jeraha. Kwenye reli ya mashine, kishimo hicho huondoa usahihi usiorudi kwa kusugua. Mashine yangu ya kukereza ilitoka Ulaya ikiwa imetumika, ina umri mkubwa kuliko vijana ninaowafundisha, na bado inakata kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Hakuna siri ndani yake. Kila aliyeimiliki aliifuta kabla ya kwenda nyumbani.

Ndiyo maana karakanani kwangu mashine huzimwa robo saa kabla ya kufunga, na robo saa hiyo hulipwa kama saa nyingine. Imo ndani ya bei ninayompa mteja, na akiuliza ninamweleza. Wakati wa umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ninawaambia majirani hilohilo kuhusu majembe na sepetu: udongo ukibaki juu ya chuma, unyevu unabaki nao.

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi wananijia wakiwa na akili nzuri na mikono myepesi. Wamepimwa kwa kipande walichokitengeneza. Ninawaomba wakuu wa vyuo waongeze alama moja. Mtihani ufanyike wakati wa masika, na msahihishaji akishapima kipande asiondoke moja kwa moja. Arudi kesho yake asubuhi, afungue kabati na kutazama vifaa alivyoviacha mwanafunzi. Ambaye vifaa vyake atavikuta vikavu na safi, ampe cheti bila wasiwasi, kwa maana huyo ataajiriwa, atajiajiri, na vifaa vyake vitamlisha yeye na wale atakaowafundisha.