Njia ya Mtoni Wakati wa Masika

Mvua ya masika ianzapo katika nchi ya vilima, kutoka Kiambu mpaka Nyeri na Meru, na vilevile Kisii na Kericho, aliyeanguka njiani hujulikana kwa tope lililo nyuma ya nguo zake, naye huchekwa mpaka afike sokoni. Karani ashukaye kwenda kazini hushika viatu vyake mkononi, akaenda miguu mitupu hata penye lami, ndipo hunawa miguu na kuvaa soksi. Huyu naye huchekwa, lakini ana akili kuwashinda wamchekao. Vidole vya mguu hushika tope, hali soli ya ngozi iliyolika haishiki kitu.

Udongo mwekundu wa vilima hivi ulitokana na mawe ya volkeno yaliyooza kwa muda wa miaka mingi sana, nao una mfinyanzi mwingi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, upana wake haufiki sehemu 2 katika 1,000 za milimita, na nyingi ni bapa kama magamba ya samaki. Zikiwa kavu hushikamana kama matofali. Maji yakiingia kati yake, gamba huteleza juu ya gamba, na mguu wa mpitaji husafiri pamoja nayo. Kwa hiyo manyunyu ya asubuhi, yaliyolowesha ngozi tu ya njia na kuacha chini kugumu, yana hila kuliko mvua kubwa. Katika tope zito mguu huzama na kusimama. Juu ya utando mwembamba hauna pa kuzama. Barabara ya lami nayo ina siku yake mbaya, siku ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, wakati vumbi na mafuta ya magari huchanganyika na maji.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Apandaye akiteleza huangukia magoti na mikono. Ashukaye hutanguliza kisigino, kisigino kikatoroka mbele, naye huangukia nyonga, au mkono alionyosha nyuma kujikinga, ndipo kifundo cha mkono huvunjika. Tena afikiriwe mama achukuaye kuni mgongoni kwa mkanda upitao juu ya kichwa: mzigo umefungamana na kichwa chake, na akianza kwenda nyuma ndio umvutao. Mama hawa wamejifunza bila mwalimu kwenda kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, na wayo wote ukiwekwa chini kwa mara moja. Kijana mwenye haraka angewafuata nyuma na kutazama, angepata elimu bure.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Neno hilo ni jema kwa tabia ya mtu, lakini mwili wa mzee haulijui. Mifupa ya wazee, hasa ya wanawake waliopita umri wa kuzaa, hupungua nguvu, hata anguko dogo latosha kuvunja shingo ya mfupa wa paja, pale penye nyonga. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi ni wa nchi zisizo tajiri. Mara nyingi mguu uliovunjika hapo huonekana mfupi kuliko wa pili, unyayo umegeukia nje, wala mgonjwa hawezi kuuinua. Mtu kama huyo asivutwe mguu, asikandwe, wala asiambiwe asimame ajaribu kidogo. Achukuliwe hospitali siku ile ile, amelazwa juu ya ubao. Wako wamlazao nyumbani wakingoja maumivu yapoe, na kule kulala ndiko kuletako vidonda vya mgongo, ugonjwa wa mapafu, na damu kuganda katika mguu.

Huko Uingereza na Kanada, ambako maji ya njiani huganda kuwa barafu, mabaraza ya miji hutuma magari kumwaga chumvi na mchanga barabarani. Utelezi wa njia huhesabiwa kuwa kazi ya wote, wala si ujinga wa aliyeanguka.

La kushangaza ni kwamba wakulima wa vilima ni mafundi wa kuzuia maji. Shambani mna matuta ya fanya juu, hata kila tone limewekewa pahali pake. (Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa amri, na watu wa Murang'a waliikataa mwaka 1947, si ajabu, maana hakuna apendaye kuchimba kwa kusimamiwa.) Lakini njia ya mtoni haina mwenyewe. Maji yaliyofukuzwa mashambani huingia humo, yakaila na kuilainisha, na jioni watu hucheka.

Njia hiyo yataka mifereji ya mshazari, iliyokatwa kuvuka njia kila baada ya hatua chache, ili maji yatoke kando kwenye majani kabla hayajapata mbio, wala yasielekezwe katika shamba la jirani. Penye mteremko mkali zikatwe ngazi, kila moja izuiwe kwa jiwe au gogo, na juu yake kokoto. Mawe ya kivulini yaliyoota ukijani yasuguliwe. Jirani wachache waweza kuimaliza kazi hiyo mwezi wa Februari, wangali wakingoja mvua. Na penye daraja la magogo uwekwe mti wa kushikia, kwa kimo cha mkono wa mwanamke mzee aliyeinama.