Barua Kutoka Minnesota: Ufunguo wa Mzee

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Brooklyn Park, theluji ikiwa imefika ukingo wa dirisha. Wiki hii tumefunga vyombo vya Mzee wetu mmoja wa Kisii, aliyewatunza wagonjwa wa watu huku kwa miaka 22. Sasa yeye mwenyewe yuko hospisi, kwenye matunzo ya siku za mwisho. Ni saratani ya kongosho.

Madaktari wakithibitisha kwamba mgonjwa hatarajiwi kupita miezi 6, Medicare, bima ya wazee ya Marekani, hulipia wauguzi na dawa za maumivu. Kodi ya nyumba hailipi. Chumba cha hospisi nacho mara nyingi kina malipo yake, kwa hiyo mtu hujikuta analipia paa mbili kwa pumzi moja.

Binti yake alinipigia kutoka Nyamira. "Kwani mtu anayetuaga naye anadaiwa kodi?" Nilinyamaza. Kwetu ungemwendea mwenye nyumba, mkae, mwongee. Huku inaongea karatasi, na karatasi ya Mzee, yaani mkataba wa nyumba, ilikuwa na miezi 7 mbele. Ofisi ya jengo ilisema miezi yote ilipwe. Tuliamini, tukaanza hata kuchangishana kanisani, mpaka dada mmoja muuguzi alipotuambia tuulize vizuri.

Kumbe Minnesota ina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2024. Mpangaji akithibitishwa na mtaalamu wa afya kwamba hali yake inamlazimu kuhamia kituo cha matunzo, hospisi ikiwemo, anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya angalau miezi 2, inayokwisha siku ya mwisho ya mwezi. Muda huo analipa. Miezi minne au mitano iliyobaki, hapana. Hasira niliyokuwa nayo kwa ile ofisi sijaimaliza.

Ila notisi inataka saini yake, au ya mtu aliyempa uwakili, na uwakili hufa na aliyeutoa. Hapo ndipo tulipochelewa. Kila mmoja wetu aliogopa kulitaja jambo hili mbele ya mgonjwa, tukiona kama tunamchulia. Nilipojikaza nikamwambia, alitulia kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mlikuwa mnangoja nini?" Alisaini nikimshikia Biblia chini ya karatasi, herufi zikipinda. Siku 2 baadaye vidole havikushika tena kalamu.

Dipoziti ya nyumba ameielekeza kwenye karo ya mjukuu. Sheria inampa mwenye nyumba wiki 3 kuirudisha mkataba ukishakwisha, mradi ameachiwa anwani. Tumeandika yangu.

Mkataba unakwisha Machi 31. Ufunguo bado ninao, na kila nikienda kumwona ananiuliza kama nimefunga mlango.

Wenu,
wa Brooklyn Park