Faraja ya Sinema za Kale za Marekani

Wako watu wasemao ya kuwa sinema za kale za wachunga ng'ombe wa Marekani ni mchezo wa watoto tu: farasi, vumbi na bastola. Mimi ni mwalimu, na jioni, nikiisha kusahihisha madaftari, napenda sana kuzitazama. Nataka kueleza faraja yake.

Kwanza, mwisho wake wajulikana. Mtu aliyeshinda kutwa katika kazi isiyokwisha hupumzika akiona jambo moja likianza na kumalizika mbele ya macho yake. Tena nchi yenyewe hutuliza moyo. John Ford alipotengeneza Stagecoach, iliyotoka mwaka 1939, alipiga picha katika Monument Valley, penye majabali yasimamayo jangwani kama minara, na gari la farasi lapita chini yake dogo kama sisimizi.

Lakini faraja si usingizi. Bonde lile ni nchi ya Wanavajo, nao ndio walioigiza Waapache wanaolishambulia gari. Sinema haisemi ya kuwa wenyeji wa asili walinyang'anywa nchi yao. Yatupasa sisi watazamaji tukumbuke.

Hasa naipenda High Noon ya mwaka 1952. Hadithi yake yaenda karibu sawasawa na saa ya ukutani, dakika 85. Will Kane, mkuu wa askari wa mji mdogo, aliyeigizwa na Gary Cooper, ameoa asubuhi ile ile. Mara apata habari ya kuwa adui yake atafika kwa garimoshi saa sita mchana, na wenzake watatu wanamngoja stesheni. Awaendea watu kuomba msaada. Aingia hata kanisani wakati wa ibada. Wamsifu, wabishana, kisha wamwacha aende peke yake. Ashinda kwa msaada wa mkewe, achukiaye kumwaga damu. Watu watokapo kumzunguka, aitupa nishani yake mavumbini, aondoka kimya.

Kane aogopa. Jasho lamtoka, aandika wasia wake, na hata hivyo atoka nje. Hapo ndipo nifarijikapo: hofu si aibu kwa mtu asiyekimbia. Lakini vile viti vya kanisa havinipi raha, maana vyaniuliza, navyo vyakuuliza nawe msomaji: siku ile ungalisimama, au ungalibaki umeketi?