Kuuliza si Ujinga: Niliyojifunza kwa Wabunge wa Nchi Jirani

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Walimu wetu huitumia methali hii kumtia moyo mwanafunzi anayeogopa kunyoosha mkono darasani. Katika insha hii nataka kuitumia kwa mtu mwingine kabisa: mbunge wa kijijini anayesimama mbele ya waziri na kumwuliza kwa nini.

Mimi ni Mrundi wa Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwetu Kiswahili si lugha ya shuleni tu. Ni lugha ya soko, ya mwalo na ya mitumbwi inayokwenda Kigoma na kurudi. Baba yangu mdogo ni mvuvi. Hakusoma sana, lakini kwa miaka mingi amekuwa akisikiliza habari za Bunge la Tanzania kwenye redio yake ndogo. Watu humcheka: "Bunge la wenyewe linakuhusu nini?" Jibu lake ni fupi: "Samaki hawana paspoti." Na ni kweli. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi wa namna hiyo ukifanywa Dodoma, unamgusa mvuvi wa Kagunga, na unatugusa sisi tulio ng'ambo ya mpaka, maana ziwa ni moja. Kwa hiyo baba mdogo anataka kujua waziri ameulizwa nini na amejibu nini.

Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni, nilianza pia kusoma taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge hilo. Mwanzoni nilitafuta msamiati. Baadaye nikavutiwa na utaratibu wenyewe. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 63, inalipa Bunge uwezo wa kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mbunge hupeleka swali lake mapema kwa maandishi. Siku ikifika, swali huitwa kwa namba yake, na waziri au naibu wake husimama na kusoma jibu lililoandaliwa. Maswali mengi ya wabunge wa vijijini huanza na maneno yale yale: "Je, ni lini Serikali itajenga..." Kisha hufuata jina la barabara, daraja, zahanati au kisima. Mtu wa mjini anaweza kuyaona maswali hayo madogo. Lakini kwa mama anayebebwa kwa machela kwenda kujifungua, hakuna swali kubwa kuliko hilo la barabara.

Majibu nayo yana mtindo wake. Ukisoma kurasa nyingi utayatambua kwa mbali: Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, tathmini inaendelea, ujenzi utaanza kulingana na upatikanaji wa fedha. Sarufi ni safi, lakini hakuna tarehe wala kiasi. Ndiyo maana mimi napenda zaidi kinachofuata, yaani swali la nyongeza. Hapo mbunge huuliza kwa mdomo, na waziri hana karatasi iliyoandikwa tayari. Mbunge hodari hutumia nafasi hiyo kubana: umesema tathmini inaendelea, je, ilianza lini, na itakwisha lini? Wakati wa bajeti kuna silaha nyingine, ambayo jina lake lilinifurahisha sana kama mwanafunzi wa lugha: kushika shilingi. Mbunge asiyeridhika na maelezo hutishia kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri mpaka aelezwe vizuri. Shilingi yenyewe si kitu. Linalotafutwa ni maelezo.

Mfano ninaoukumbuka kuliko yote unatoka jirani kabisa na kwetu. Zitto Kabwe alichaguliwa mwaka 2005 kuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA. Ni jimbo la wakulima na wavuvi, na kaskazini linapakana na Burundi. Mwezi Agosti 2007, akiwa hajafikisha miaka 31, alitaka maelezo juu ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ulioko Kahama, mbali na jimbo lake. Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, alikuwa ameutia saini mkataba huo London mwezi Februari mwaka ule, wakati Serikali yenyewe ilikuwa imeahidi kuipitia upya mikataba ya madini. Zitto aliwasilisha hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule ya kuchunguza. Wabunge wengi waliikataa hoja yake. Tena wakasema amelidanganya Bunge, wakamsimamisha mpaka Januari 2008.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema kuuliza ni hasara. Lakini swali lilikuwa limekwisha kutoka nje ya ukumbi. Liliulizwa kwa Kiswahili, na mtu wa kijiweni alilielewa bila mkalimani: kwa nini London, na kwa nini sasa? Mwezi Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Zitto huyo huyo. Mwaka 2010 ilipitishwa Sheria mpya ya Madini, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Sitaki kusema kwamba mtu mmoja alifanya yote hayo. Walikuwapo wengi waliolalamikia mikataba kabla yake. Ninachosema ni kwamba swali lenye mahali, tarehe na saini ni gumu kulifukia. Unaweza kumtoa mwulizaji ukumbini, lakini swali hulitoi vichwani mwa watu.

Je, sisi Burundi? Katiba yetu pia inawaruhusu wabunge kuwauliza mawaziri maswali, ya mdomo na ya maandishi. Tena tuna bahati ambayo wengine hawana: Kirundi kinaeleweka nchi nzima, kwa hiyo swali likiulizwa kwa Kirundi, linafika mlimani. Tofauti ninayoiona ipo mahali pengine. Mbunge wa Tanzania ana jimbo, na jimbo lina jina. Kwetu tunapigia kura orodha ya chama katika mkoa. Katika uchaguzi wa mwaka 2025 mikoa ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na Nyanza-Lac sasa imo katika mkoa wa Burunga, pamoja na watu wa Bururi, Rumonge na Rutana. Orodha ina faida zake, hasa katika nchi iliyoumizwa na migawanyiko, kwa sababu inasaidia makabila na wanawake wapate nafasi. Lakini baba mdogo akitaka swali la mwalo wake liulizwe, amwendee nani? Wote ni wabunge wake, na hakuna aliye wake.

Na jimbo peke yake halitoshi. Mwezi Januari 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, kwa sababu ya gharama. Wabunge waliendelea kuuliza, lakini mpiga kura hakuweza tena kufuata majibu yote saa ile ile yanapotolewa. Swali linahitaji mwulizaji anayejua ametumwa na nani, linahitaji lugha ya waliomtuma, na linahitaji wao wenyewe wasikie jibu. Ukiondoa kimoja, waziri atajibu anavyotaka.

Wenzangu tunaosoma Kiswahili katika nchi hizi jirani, wengi wetu tutakuwa walimu, watangazaji na wakalimani. Tutaandika habari za mawaziri na kuzitafsiri. Tukikutana na jibu lisilo na tarehe wala kiasi, tusilipambe kwa Kiswahili kizuri likaonekana limekamilika. Tuliandike lilivyo, na chini yake tuweke swali la nyongeza: lini?